Koti la Buluu Bustanini

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametutangazia asubuhi, kabla hata sijavua kofia. Karatasi Kubwa inatoka kabatini. Maktaba moja inaitaka kwa ukumbi wake wa kusomea, tena kabla mwezi haujaisha.

Nilikaa. Sikuwa nimepanga kukaa.

Niandike kwa utaratibu, maana shemeji anasema nikiandika hovyo nafikiri hovyo. Karakana yetu inachapa upya michoro ya kale, ile iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba miaka mia tatu iliyopita. Majumba, ngazi, bustani zenye mabwawa na chemchemi. Kwenye mashine inatoka nyeusi na nyeupe, kisha sisi tunaitia rangi kwa mkono. Kila mtu na chake. Mimi ni kuta, paa, ngazi na sanamu, ndiyo maana naitwa Fundi Mawe. Meza yangu iko dirishani. Fundi Maji anapaka maji na mbingu. Mke wangu alikuwa Fundi Majani. Meza zao mbili ziligusana, kwa sababu bustanini majani na maji hugusana. Miaka tisa ziligusana. Sikusema neno.

Karatasi Kubwa marehemu mke wangu aliifikisha nusu. Upande wa kushoto bustani imeota, upande wa kulia nyeupe kama shuka. Mwezi wa nane aliweka brashi yake kwenye kikombe, akasema anakwenda kujilaza kidogo.

Basi nikamwambia Bosi kwamba nitaimalizia mimi. Nani mwingine? Hapo Fundi Maji akasafisha koo. Akasema, kwa ile sauti yake ya maji ya mtungini, kwamba kama Bosi ataona inafaa, naye angependa kujaribu.

Kujaribu. Kazi ya mke wangu.

Bosi akatutazama, akacheka, akasema wahenga walituambia penye miti hapana wajenzi, kumbe leo wajenzi wamezidi miti. Ameamua hivi: kila mmoja atapaka karatasi moja ya majaribio, kona ile ya ua wa miti, Ijumaa. Jumamosi atachagua.

Hakuna anayesoma hapa, kwa hiyo nikiri. Majani yangu si mazuri. Yanafanana na mawe yaliyoota ukungu. Lakini haki ni haki.

Getini mlinzi wa sweta jekundu, yule aliyekuwa akimshikia marehemu mwavuli mpaka barabarani, ameniambia pole. Kila siku ananiambia pole. Miezi saba.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuiba kijani cha mke wangu.

Si wizi, ni urithi. Karatasi zilizoharibika alikuwa akizileta nyumbani, akizitandika kwenye kabati chini ya nguo. Leo nimetoa nguo zote. Nimepata karatasi ishirini na tatu. Nimeziweka sakafuni, nikapiga magoti na kioo cha kukuzia.

Kijani chake kina tabaka tatu. La kwanza jepesi kama chai ya majani yaliyokwisha kutumika. La pili lina njano. La tatu amegusa tu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nimeandika yote. Nilikuwa na furaha kwa kama nusu saa.

Kisha nikawaona watu.

Wachongaji wa kale walipenda kuweka watu wadogo bustanini, ili ujue jumba lina ukubwa gani. Mtu mmoja ni kama punje ya mchele. Marehemu ndiye aliyewapaka, kwa sababu alikuwa na brashi ya nywele tatu na pumzi ya kutosha. Wote kawavalisha kahawia na kijivu. Isipokuwa mmoja. Mmoja ana koti la buluu.

Nikatazama karatasi ya pili. Koti la buluu. Ya tatu. Ya kumi. Zote ishirini na tatu, kila bustani, kila jumba, mwanamume mmoja wa koti la buluu. Na kila mara anamchagua yule aliyetupa mgongo, anayetazama ukuta. Chemchemi zinaruka, maua yamefunguka, bata wanaogelea, yeye anatazama ukuta. Mjinga gani huyo?

Najua mjinga gani. Fundi Maji ana koti la buluu. Analitundika kwenye msumari kila asubuhi, mbele ya macho yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Hawakusema ni nguo ya nani.

Shemeji, mdogo wake marehemu, ameingia na ufunguo wake akakuta nguo zote chini. Ameniuliza kama nahama au nimerukwa na akili, achague la kuwaambia ndugu. Nikamwuliza kwa ujanja kama dada yake alipenda rangi ya buluu. Akasema dada yake alipenda kabati lililopangwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimechunguza.

Saa ya chai nilisema, bila kumlenga mtu, kwamba bustani za siku hizi zina watu wengi. Nikanywa kidogo, nikamtazama Fundi Maji kwa pembe ya jicho.

Hakutikisika. Akasema ni kweli, na kwamba marehemu alikuwa na mtu wake mmoja. Yeye, Fundi Maji, kila alipomaliza chemchemi alikuwa akimtafuta huyo kwanza. Akatabasamu ndani ya kikombe.

Chai ilinipalia. Akaja kunipiga mgongoni. Mkono wake! Akaniuliza polepole, “Kwani hukuwahi kumwona, kaka?” Nikasema nimemwona vizuri sana. Akasema basi vizuri.

Basi vizuri, anasema.

Alipokwenda kuosha brashi nilifika kwenye msumari. Nilitaka kupima koti, mabega na urefu, nilinganishe na yule wa kwenye karatasi. Kumbe huwezi kumpima mtu wa punje ya mchele kwa futikamba. Nikaingia mfukoni. Kitambaa cha pua, pipi mbili, na kipande cha penseli kilichotafunwa. Marehemu alikuwa akitafuna penseli. Lakini Fundi Maji naye hutafuna. Na mimi. Ushahidi haujakamilika.

Bosi akanikuta pua iko mfukoni. Nikamwambia natafuta chaki. Akasema chaki iko mezani kwangu, mbele yangu, ilipokaa miaka ishirini na sita.

Jioni nimejaribu kijani chenye tabaka tatu. La kwanza limetoka. La pili limekuwa ukungu. La tatu nimemwamsha mtoto kwa kofi.

Kwa majani tu simshindi, nakubali. Lakini kuna njia nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Njia nyingine ni shabu.

Karatasi yetu ni laini, inakunywa rangi kama mchanga. Kwa hiyo kabla ya kazi tunaipaka maji ya shabu na gundi, inakauka, halafu rangi inakaa juu ilipowekwa. Ukisahau kuipaka, rangi inazama, inatambaa, inatokea upande wa pili. Kwa macho huwezi kujua ipi imepakwa na ipi bado. Njia ni moja tu, kulamba kona. Isiyopakwa inanasa ulimi.

Zamu ya kupaka shabu wiki hii ni yangu. Mungu hupanga.

Nimechukua karatasi mbili za majaribio. Moja nimeipaka vizuri, kwa moyo wote. Ya pili nimeipitishia brashi kavu ili watu waone mkono unakwenda. Nimezitundika pamoja. Ile isiyopakwa nimeiwekea msalaba mdogo wa penseli nyuma, kwenye kona, nisije nikakosea. Kwa kawaida hapa kwetu msalaba ni alama ya karatasi iliyokwisha kupakwa. Lakini leo msalaba una maana yangu ya siri. Nani atajua?

Marehemu asingefurahi. Siku moja nilimficha Fundi Maji sponji yake, ile ya mawingu. Marehemu aliitoa kwenye droo yangu, akairudisha, hakusema kitu njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama mawingu yake yananinyima usingizi. Nikasema hapana. Akaniwekea mto wa pili.

Lakini yeye ndiye aliyempaka koti. Mimi sikuanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi mwenyewe sikujua.

Asubuhi Bosi amesema kila mmoja achukue karatasi yake. Nikanyoosha mkono. Mkono huu umechukua karatasi za msalaba miaka ishirini na sita. Haukuniuliza. Ulichukua ya msalaba, ukaniwekea mezani, na nyingine nikampa Fundi Maji kwa heshima.

Akataka kulamba kona. Nikamwambia asijisumbue, nimelamba zote mbili. Akasema asante, ndugu yangu, ulimi wako ni ulimi wangu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu zangu.

Nikachovya brashi. Tabaka la kwanza, jepesi. Nikagusa ua wa miti.

Ukaondoka.

Sina namna nyingine ya kueleza. Ua ulianza kutembea. Ulivuka njia, ukaingia bwawani, ukapanda ngazi zote saba. Nikaweka kitambaa, kikanywa nacho. Nilipoinua karatasi, bustani ilikuwa imeota juu ya meza pia.

Fundi Maji aliacha kazi yake akaja mbio. Alikandamiza kwa sponji yake, ile ile ya mawingu, akanyonya alichoweza. Kisha akalamba kona. Ulimi ukanasa. Akanitazama muda mrefu, karatasi bado imening’inia mdomoni.

Bosi akauliza kuna nini. Fundi Maji akanasua ulimi akamwambia ni unyevu, wiki hii hewa ina unyevu sana. Akamwomba anipe karatasi nyingine. Bosi akasema yake mbona haina unyevu, na kwamba Ijumaa ni Ijumaa.

Baadaye kwenye bomba la maji aliniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, hebu niambie. Alilamba nani?” Nikafungua bomba. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Naweza kuvumilia adui. Adui anayenifichia aibu yangu siwezi.

Nilimweleza shemeji kwamba kuna rafiki yangu mmoja lilimpata jambo kama hili. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, nimwambie huyo rafiki yangu. Akaongeza kwamba rafiki yangu ana kijani masikioni.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi aliziweka mbili mezani, akavaa miwani.

Yangu aliitazama kwanza. Akasema ua huu ungepata siku moja zaidi ungeingia jumbani kwa dirisha. Ya Fundi Maji aliitazama akavua miwani. Mimi pia niliitazama. Majani yalikuwa majani. Si kama ya marehemu, ya marehemu yalikuwa na upepo, lakini ukipita karibu usingejua mkono umebadilika wapi.

Amempa Fundi Maji.

Nilikunja kitambaa changu. Nikakikunjua. Nikakikunja. Bosi akasema mawe ni yangu kama siku zote, bado watu, upande wa kulia kuna watu kumi na wanne hawana nguo. Fundi Maji atawapaka nao?

Fundi Maji akasema hapana, hao hawezi. Wapakwe na Fundi Mawe. Akasema hivi hasa: “Koti ni lake.”

Nikasema mimi sina koti la buluu. Akasema, “Sasa huna.”

Kisha akasimulia, mbele ya watu wote, akiwa amesimama kati ya meza ya marehemu na meza yake. Marehemu alimsimulia. Kwamba siku aliyokuja hapa kuomba kazi, msichana mgeni mlangoni na kifurushi chake, karakana nzima iligeuka kumtazama. Isipokuwa mmoja. Mwanamume wa koti la buluu alikuwa amesimama mbele ya ukuta, anatazama ufa, anataka kujua ufa una rangi gani. Saa tatu hakugeuka. Saa nne hakugeuka. Mpaka saa sita. Marehemu akajiambia huyu lazima nimgeuze. Ikambidi aolewe naye.

Watu wamecheka, wengine wamejifuta macho. Bosi ametoka nje kidogo.

Ufa nauona kutoka hapa nilipokaa. Una kijivu chenye waridi kidogo.

Lakini hadithi hiyo mimi mume wake sikuwahi kuisikia. Alimsimulia Fundi Maji! Miaka tisa walikuwa wakicheka pale, mimi niko dirishani nimewapa mgongo, najua wanacheka, sijui wanacheka nini. Walikuwa wananicheka mimi. Alikuwa mke wangu na mimi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa.

Nimekuwa na wivu wa mimi mwenyewe wiki nzima, na hata huo Fundi Maji amefika kabla yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia shemeji sikumbuki koti lolote.

Akashika kiuno. Akasema lile koti lilichanika mfuko mwaka tuliooana, nikalifanya tambara la kufutia brashi, na dada yake akaliokota kwenye ndoo. Tulinuniana siku mbili. Kwani nimesahau? Mimi nakumbuka kununiana. Sikukumbuka sababu. Akaniuliza brashi za dada yake ziko wapi.

Ziko rafuni. Zimeviringishwa kwenye kitambaa, kimefungwa uzi, kama alivyoziacha. Nimeifuta vumbi rafu hiyo kila Jumapili kwa miezi saba. Nilikuwa nazizungukia.

Shemeji hakunilazimisha. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaosha vikombe viwili kwa muda ambao mtu angeosha sahani hamsini.

Nimefungua uzi. Kitambaa ni buluu. Kimepauka, lakini kwenye mshono ndani bado buluu kabisa. Kina tundu moja la kifungo. Brashi zake tisa, na ile ya nywele tatu, ambayo sasa ina nywele mbili.

Nilikaa nazo. Shemeji akarudi akaniuliza kama nitakula. Nikasema nitakula. Nikala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kazini na brashi za marehemu.

Fundi Maji alikuwa amekwisha anza. Ameweka majani kwa uangalifu, na kila penye mtu ameniachia nafasi nyeupe ndogo, asimguse. Nafasi kumi na nne. Sikumshukuru, lakini nilimsogezea kiti.

Kabla ya kuanza nilitazama upande wa kushoto, kazi yake, kwa kioo. Koti la buluu lipo, chini ya ukuta wa bwawa kubwa, mgongo kwetu, mjinga yule yule. Nilikuwa karibu kuondoa kioo. Hatua mbili nyuma yake kuna mwanamke. Gauni lake ni kijani, kijani kile kile cha ua wa miti alioegemea, mpaka humjui kama ni mtu au jani. Anamtazama yule mwanamume. Anangoja.

Saa ya chakula nilikwenda nyumbani karibu nakimbia. Nimetoa nguo tena. Karatasi ishirini na tatu. Yupo katika zote. Hatua mbili nyuma, tatu penye ngazi, kijani juu ya kijani. Jumanne nilipitisha kioo juu yake mara ishirini na tatu. Nilikuwa natafuta buluu.

Nimekaa sakafuni mpaka nikachelewa kazi.

Upande wa kulia, kati ya wale kumi na wanne, kuna mwanamume mmoja tu aliyegeuka. Mchongaji alimgeuza miaka mia tatu iliyopita, ameacha ukuta, anatazama ua wa miti. Nimempa buluu. Nywele mbili zinatosha, ukizuia pumzi. Bosi amepita nyuma yangu, amenigusa bega. Fundi Maji amesema, “Hatimaye, kaka.” Nimemsamehe. Nimemsamehe kila kitu, koti, chai, hadithi, hata ulimi. Nimejiambia wivu ni ujinga, nimeishi nao miaka tisa bure, na leo nimeuacha.

Kisha nikatazama tena upande wa kushoto, mara ya mwisho tu, nimuage.

Nyuma ya yule mwanamke wa kijani, penye njia ya changarawe, kuna mtunza bustani ameshika reki. Hafagii. Anamtazama. Na marehemu hakumpaka kahawia kama wafanyakazi wengine. Amempaka nyekundu, kiunoni kwenda juu. Kama sweta.

Sweta jekundu. Mlinzi wa getini, aliyemshikia mwavuli mpaka barabarani. Miezi saba ananiambia pole, kila siku, pole. Pole ya nini hasa?

Kesho nitafika mapema, kabla ya zamu yake ya usiku kuisha, nichunguze. Jioni nimezipitia tena zile ishirini na tatu za nyumbani, mwenye reki yumo katika kadhaa, na ile ambayo reki inaonekana vizuri zaidi nimeitenga kwa ushahidi. Nimeiwekea msalaba mdogo nyuma, kwenye kona. Safari hii msalaba una maana moja tu, na ninaikumbuka.

Nadhani.